Bibi anakuja, mjukuu hagusi karanga: namna tunavyojipanga Mwanza

Mama mkwe wangu anakaa Magu. Karanga zikishavunwa hupanda kosta ya asubuhi, akashuka stendi ya Nyamhongolo na kiroba kimoja, kuku wa kufungwa miguu, na ndoo ndogo aliyoifunika kwa khanga kuukuu. Watoto wakimwona wanapiga kelele. Mimi nafurahi, halafu jicho linaenda kwenye kiroba. Najua kilichomo: michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), unga wa mtama, nsansa kavu (mboga ya majani iliyokaushwa), na chini kabisa kilo mbili tatu za karanga mpya. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka sita, ana mzio wa karanga. Si ule wa kujikuna ukapita. Ni ule wa koo kuziba.

Na bibi haji peke yake. Huongozana na binti wa shemeji yangu anayeishi naye, ambaye akila samaki macho yanavimba mpaka yanafumba. Mtoto wa kando ya ziwa asiyekula samaki, fikiria. Wameshamwita mdeko na majina mengine mengi. Bibi mwenyewe naye akinywa chai ya maziwa jioni, usiku wote njia ni ile ya chooni. Kwa hiyo wakishaingia ndani tuna watu watatu wenye matatizo matatu tofauti, na jiko moja.

Haya ninayoandika nimeyajua kwa kukosea kwanza. Kama kwenu bibi au babu anatarajiwa, fuata mpangilio huu, ukipunguza na kuongeza kulingana na watu wako.

Kwanza, tenganisha mzio na tumbo kukataa

Watu wengi wanaita vyote aleji, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Tumbo la bibi linakataa maziwa kwa sababu mwili wake hautengenezi laktesi ya kutosha, kile kimeng'enya kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa. Watu wazima wengi tuko hivyo. Sukari ile isipovunjwa inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na hapo unapata gesi, tumbo kuunguruma na kuharisha. Inasumbua na inaaibisha mtu ugenini, lakini haiui. Ndiyo maana bibi huyohuyo anakunywa maziwa ya mgando bila shida: bakteria wa kwenye mgando wameshaila sehemu ya ile sukari. Kikombe kidogo cha chai ya maziwa pamoja na chakula nacho humpita salama. Kwake swali ni kiasi gani.

Mzio ni habari nyingine kabisa. Hapo ni kinga ya mwili imeichukulia protini ya chakula kama adui, na kiasi hakina maana sana, chembe inatosha. Ukiwa na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, mgando haumsaidii, kwa kuwa protini imebaki palepale. Maziwa ya mbuzi, ambayo bibi wengi huyapendekeza kwa nia njema, nayo protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Wengi wenye mzio wa moja huumizwa na nyingine.

Samaki ni hivyo hivyo. Kukaanga, kukausha juani au kuchemsha mpaka mifupa ilainike hakuiondoi ile protini. Na kwa kuwa aina nyingi za samaki wana protini zinazofanana, usimjaribishie mtoto sato kwa sababu tu aliyemdhuru mwanzo alikuwa sangara, wala usiseme dagaa ni wadogo. Akiruhusiwa aina fulani, aruhusiwe na daktari baada ya vipimo.

Jambo moja zaidi, maana bibi atalisema: "Labda zile karanga zilikuwa na ukungu." Karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na hiyo ni hatari kwa kila anayekula, hasa ini lake. Mzio haujali karanga ni nzuri au mbovu. Karanga safi, zilizochaguliwa moja moja na bibi mwenyewe, ndizo zilizompeleka mwanangu hospitali.

Zungumza kabla kiroba hakijafungwa

Ukisubiri afike umechelewa. Atakuwa ameshabeba, na kumkatalia mtu mzima zawadi aliyoibeba begani toka Magu ni kumvunjia heshima mbele ya wajukuu.

Halafu, anayesema ni nani? Nawaambia wanawake wenzangu: usipige wewe. Mkwe akisema "mama, usilete karanga," neno linafika Magu likiwa na maana ya "mama, vya kwako hatuvitaki." Mwanawe aseme. Kwetu mume wangu alipiga Jumapili baada ya misa, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

Mwanangu amerithi jina la babu yake, kwa hiyo bibi humwita "mume wangu." Baada ya shikamoo na habari za mvua, na ng'ombe wa jirani walioingia shambani, ndipo tukafika.

"Yaani mume wangu anakatazwa karanga na nani?"

"Na mwili wake, mama."

Kimya. Nikasikia jogoo wa kule akiwika.

"Basi huo ni mwiko."

"Ni mwiko, mama. Ila huu hauna wa kuutegua."

Sijawahi kupata neno lililonirahisishia kazi kama hilo. Nilikuwa nimehangaika mwaka mzima na kinga ya mwili na protini, kumbe bibi ana neno lake. Alinisimulia baadaye kuhusu shangazi yake aliyekuwa na mwiko wa nyama fulani ya porini: hakuila, na pia hakugusa chungu kilichopikiwa, wala kijiko kilichokoroga. Akija mgeni mwenye mwiko, chungu kilibadilishwa bila mjadala. Unaona? Lile somo la vyombo, ambalo ndilo gumu kuliko yote, wazee wanalo tayari. Wewe unalikumbushia tu.

Ila weka mpaka. Miiko ya ukoo ina wataalamu wake wa kuiondoa, na kuna jamaa atakayesema anamjua mtu Kisesa mwenye dawa. Sema wazi mapema kwamba huu hauna dawa ya kunywa wala ya kuchanja.

Hoja mbili nyingine zitakuja, jiandae nazo.

Ya kwanza: "Sisi tulilishwa karanga tangu wachanga, hatukufa." Usibishe, maana ana ukweli ndani yake. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kupata mzio. Waliopewa vyakula vya karanga tangu kabla ya kutimiza mwaka walipata mzio huo kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Kwa hiyo uji wa karanga wa bibi zetu haukuwa upuuzi hata kidogo. Mwambie hivyo, atafurahi. Kisha mwambie kuwa hiyo ni kwa mtoto ambaye mzio haujamwingia. Huyu umeshaingia.

Ya pili: "Mzoesheni kidogo kidogo." Matibabu ya namna hiyo yapo, lakini hufanywa na madaktari wa mzio, kwa vipimo vidogo vinavyohesabiwa, sindano ya dharura ikiwa mkononi. Jikoni kwako si mahali pake.

Mwisho wa simu mwambie alete nini. Usimwache na orodha ya makatazo tu. Sisi tuliomba michembe, mtama na kuku, na tukaomba michembe ifungwe mfuko wake peke yake. Hilo la mwisho lirudie mara mbili.

Kiroba kifunguliwe nje

Hata baada ya simu ile, karanga zilikuja. Za majirani, alisema. Sawa.

Tandika mkeka nje au barazani, watoto wakiwa wameenda kumchotea bibi maji ya kunawa. Toa kimoja kimoja. Angalia michembe kwa karibu: kwetu mwaka ule ilikuwa imekaa kiroba kimoja na karanga, na kati ya vile vipande vya kijivu vilivyojikunja kama magome ya mti, kulikuwa na vile vigozi vyekundu vya karanga, vyepesi, vinavyopeperuka ukipuliza. Michembe ya namna hiyo usijidanganye kuiosha. Wape watu wazima, mtoto apikiwe viazi vibichi vya sokoni.

Karanga zenyewe usizitupe, na usizifiche akiwa anakuangalia. Amelima, amezing'oa, amezimenya kwa kidole gumba mpaka kucha imeuma. Mimi nazipeleka kwa jirani nikiwa na bibi, yeye mwenyewe anazikabidhi, anashukuriwa kwa Kisukuma, "wabeja, mayu," na anarudi amenyooka mgongo. Jirani hutuletea mkungu wa ndizi. Kama huna jirani wa hivyo, ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu ya kabati, mpaka siku ya kuuza.

Dagaa nao wapelekwe mbali na chumba anacholala yule binti. Vumbi la dagaa wakavu ni jepesi na linaingia kila mahali.

Baada ya hapo wote mnawe kwa sabuni na maji. Ile dawa ya kupaka mikononi tuliyozoea tangu korona haiondoi protini ya karanga. Inaua vijidudu tu na kuiacha karanga kiganjani. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayoiondoa.

Jiko: kinu, mafuta, mashine ya kusagia

Kinu cha mbao kilichotwangiwa karanga, hesabu kuwa ni cha karanga milele. Mafuta yake yameingia kwenye nyufa. Mwiko wa mbao vilevile. Sufuria na sahani za bati huoshwa zikatakata, hizo hazina neno. Mimi nilinunua mwiko mpya nikaufunga uzi mwekundu kwenye mpini. Bibi hajui kusoma vizuri bila miwani, lakini uzi mwekundu anauona.

Unga wa lishe ndio mtego mkubwa kuliko karanga zenyewe, kwa sababu hauonekani. Mfuko umeandikwa uji wa watoto, una picha ya mtoto mnene, na ndani kuna mahindi, ulezi, soya, ngano wakati mwingine, na karanga karibu kila mara. Wengine wanasagia na dagaa humohumo, kwa hiyo mfuko mmoja unaweza kuwaangusha watoto wangu wote wawili. Soma viambato. Ule wa kupimiwa kwa kilo sokoni, usiokuwa na maandishi, mtoto mwenye mzio asipewe.

Na mashine ya kusagia ya mtaani? Aliyetangulia mbele yako huenda amesaga lishe. Unga wa kwanza kutoka ni wa kwake, na uliobaki mle ndani unatoka na wako. Kwa mtoto nanunua sembe ya kiwandani iliyofungwa, au naenda kwenye mashine nisikokuta mtu analeta karanga. Mtama wa bibi unasagwa huko.

Kisha mafuta. Mafuta yaliyokaangia sangara yasikaangie viazi vya yule binti. Wauza chipsi wengi hutumia karai moja kwa samaki na viazi, basi chipsi za barabarani zisahau mpaka ageuze kwenda kwao. Na siku unapokaanga samaki nyumbani, kaangia nje, yeye akiwa ndani au kwa jirani, maana kuna watoto wanaobanwa kifua kwa mvuke wake tu. Baada ya wiki moja ya bibi tuligundua kwamba ni rahisi zaidi samaki kuliwa nje ya nyumba. Mume wangu anawachukua wanaokula, wanakwenda kula sato wa kuchoma, wananawa, wanarudi.

Utaratibu wa kupika: cha watoto kwanza, kitengwe na kufunikwa, ndipo vya wengine. Kosa la kawaida ni kufanya kinyume, ukiwa umechoka, ukachotea kijiko kilekile.

Sinia moja

Hapa nisimulie kilichotokea, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyotuangusha.

Jioni ya pili ya bibi. Nilikuwa nimejipanga vizuri, nikadhani. Watu wazima ugali na nsansa iliyoungwa karanga. Mtoto ugali wake na mchicha wa nyanya kwenye sahani yake ya bluu, pembeni kidogo. Bibi hakupenda kumwona mume wake anakula peke yake kama mgonjwa. Akamwita. Akamega tonge, akalifinyanga vizuri, akalitoboa shimo kwa kidole gumba, akachovya mchicha kutoka sahani ya bluu. Mchicha! Alikumbuka. Akamlisha. Lakini mkono ule ulikuwa umetoka kuchovya nsansa.

Dakika kumi hazikuisha. Kwanza alikuna mdomo, kisha masikio, akasema ulimi una nywele. Mabaka yakapanda shingoni. Akatapika. Sauti ikabadilika, ikawa kama ya mtu mwenye mafua makali, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Bibi alikuwa amekaa na mkono wake wa kulia umeinuliwa, hajui auweke wapi.

Tangu siku hiyo kwetu hakuna sahani ya bluu. Tunakula sinia moja, na juu ya sinia hapawekwi chochote ambacho mtu mmoja wa pale hawezi kukila. Najua ushauri wa kawaida ni kumtengea mtoto chombo chake, na shuleni au kwenye sherehe ndivyo tunavyofanya. Nyumbani, akiwepo bibi, chombo cha peke yake ni mwaliko wa kuhurumiwa. Wiki mbili bila karanga na samaki mezani si adhabu. Kuna kuku wa kienyeji wa kuchemsha, maharage, mlenda, mchicha, nyama ya ng'ombe, ugali wa mtama au wa muhogo, wali.

Kinachokosekana ni kile kizito cha kuungia mboga. Bibi ndiye aliyetupa jibu: mbegu za maboga, zilizokaangwa kidogo na kutwangwa kwenye kinu kipya. Ila mwanangu alikuwa ameshazila siku nyingi bila tatizo. Chakula ambacho mtoto hajawahi kula usikianzishe wakati wa wageni, kwa sababu likitokea lolote hutajua ni lipi kati ya mambo kumi. Nazi nayo inaunga vizuri, ingawa hapa inatoka mbali na bei yake inauma.

Mpe bibi cha kumlisha mjukuu

Ukifanya yote na ukaacha hili, umejenga ukuta wenye mlango wazi.

Bibi hamlishi mjukuu mezani tu. Anamlisha saa nne asubuhi wewe ukiwa kazini, anamlisha gizani hadithi ikiendelea, anafungua pindo la khanga na kutoa kitu kidogo chenye joto la mwili wake. Huko ndiko anakosema nakupenda. Ukimwambia "usimpe kitu chochote bila kuniuliza," atakubali kwa mdomo, na pindo litaendelea na kazi yake kwa siri. Siri ndiyo inayoua.

Kwa hiyo tumempa kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, limeoshwa, lina mfuniko, na ni mali ya bibi. Kila asubuhi nalijaza: vipande vya michembe ile safi iliyochemshwa, bisi, ndizi kavu, na embe msimu wake. Humo anatoa anavyotaka, saa anayotaka, kwa yeyote, bila kuniuliza. Watoto wanajua cha kopo ni cha bibi na wanamwomba yeye, mimi nikiwa nimesimama palepale. Mwaka wa kwanza wa kopo pindo lilibaki na hela na tumbaku yake ya kunusa.

Kuna mambo mawili ya bibi ambayo kopo haliyazuii, uyaseme kwa upole. Moja ni kumtafunia mtoto mdogo chakula kabla ya kumpa, au kumwonjesha uji kwa kijiko alichokiweka mdomoni. Kama alikula karanga kwa jirani mchana, mate yake yanazo. La pili ni busu na kumpangusa mtoto mdomo kwa khanga. Mwombe akitoka kwa jirani anawe mikono, asukutue, na abadilishe khanga. Wa kwetu alicheka sana, akasema anaoshwa kama bibi harusi. Anafanya lakini.

Na yeye mwenyewe usimsahau. Chai ya rangi yenye tangawizi jioni, mgando mchana. Hatakwambia kuwa tumbo linamsumbua. Utajua kwa jinsi anavyokataa chakula cha usiku.

Sokoni, kanisani, kwa majirani

Fupi tu: bibi akitaka kutembea na mjukuu, mjukuu aende ameshiba. Akienda mwaloni Kirumba kununua dagaa, binti abaki. Mtoto mkubwa afundishwe sentensi moja ya kumjibu mtu mzima bila utovu wa adabu. Wangu husema, "Ahsante bibi, nitakula nyumbani," kwa mikono miwili. Akishapewa kashata anaileta mkononi, haionji, na nyumbani anabadilishiwa kwa kitu kingine. Mabadilishano hayo yasikose hata siku moja, la sivyo ataanza kuionja.

Siku ikiharibika

Andika ukutani jikoni, kwa herufi kubwa, na umsomee bibi.

Mabaka na kuwashwa peke yake, mtoto anapumua vizuri na anaongea: mpe dawa ya mzio aliyoandikiwa, mkae naye, msimwache alale peke yake. Dalili hutokea ndani ya dakika chache mpaka kama saa mbili.

Koo kubana, sauti kukwama, kukohoa mfululizo, mluzi kifuani, ulimi kuvimba, kulegea, kuzimia, au mabaka pamoja na kutapika kunakojirudia: hii ni dharura. Kidonge cha kuwashwa hakifungui koo. Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, haraka. Kuna sindano za kujidunga zenye umbo la kalamu. Mimi nilizunguka maduka ya dawa ya mjini nisiipate. Kama daktari amekuandikia na umeipata, itumie mara moja, usingoje kuona kama itapungua. Kama huna, kila dakika ni ya kwenda mahali penye adrenalini na oksijeni.

Usimnyweshe maziwa. Hii ndiyo mikono ya wazee inakokimbilia, maziwa ya kukata sumu, na mkaa uliosagwa. Mzio si sumu ya kukatwa, na mtoto ambaye koo linaziba anaweza kupaliwa. Usimtapishe kwa kidole. Mlaze chali, miguu juu kidogo. Kama anahangaika kupumua, mwache akae, ila asisimame wala kutembea hata akisema amepata nafuu. Kwa sababu hiyo hiyo, bajaji au gari la jirani, si bodaboda. Namba ya mwenye bajaji iwe kwenye simu ya bibi pia, chini ya jina analolijua.

Amua mapema unakimbilia wapi. Sisi siku ile tulisimama zahanati ya karibu, tukapewa kidonge na kuambiwa tusubiri foleni. Muda ule ulikuwa wa thamani na ulipotea. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Kwa wa mjini kuna Sekou Toure na Bugando. Ukifika usiseme mtoto ana aleji, watadhani ni vipele. Sema, "Mtoto ana mzio wa karanga, koo linaziba." Na akipata nafuu usikimbilie kurudi nyumbani. Hali hiyo huweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula tena kitu, basi kaeni mpaka daktari awaruhusu.

Siku ile bibi alikaa kwenye benchi la nje mpaka saa saba usiku. Hakuna aliyemlaumu, na mume wangu alihakikisha hilo kwa kukaa naye. Nakwambia hili kama hatua, si kama hadithi: mtu akae na bibi. Bibi aliyelaumiwa mwaka huu, mwaka ujao haji, au anakuja na kunyamaza, na anayenyamaza hatakwambia mtoto amekula nini.

Bibi akishaondoka

Mkishamsindikiza Nyamhongolo, rudini kabla watoto hawajatoka shule. Kung'uta godoro nje. Fua shuka na zile khanga alizoacha. Piga deki chini ya kitanda kwa kitambaa chenye maji ya sabuni badala ya ufagio, ili vumbi lisiruke. Inua mito, angalia mifuko ya sare za watoto na madaftari.

Mwaka huu chini ya mto wa mwanangu nilikuta fundo dogo la kitambaa, limekazwa kwa uzi mwekundu. Nililifungua nje, juu ya mkeka. Michembe minne, safi, na noti ya elfu mbili.